Ile Ngazi Msiikate

Assalaam alaykum. Naona nyuso zilezile za mwaka jana, na wengine mmeshaanza kucheka kwa kuwa mnajua naanzia wapi. Naam, naanzia kwa binamu yangu. Wageni mtuvumilie.

Binamu yangu anakaa Michenzani. Alipaka rangi ukumbi wake, akachoshwa na yale maporomoko ya maji yenye saa katikati, akataka picha ya nyota. Mwanawe akamshushia Nguzo za Uumbaji, ile picha ya mawingu marefu ya gesi na vumbi iliyopigwa mwaka 1995 na Hubble, darubini iliyoko angani. Wakaichapisha, wakaipeleka kwa fundi wa fremu, nami nikaitwa niione. Kahawa mkononi, natazama: nguzo mbili zipo, ya tatu, ile ya kushoto, ndefu kuliko zote, haina kichwa!

Nikamfuata fundi. Mtu mwema, kazi yake safi. Akaniambia, "Mashine ilikosea, mwalimu. Juu kulia kulikuwa na weusi wa vidato, kama ngazi. Nikaukata, nisikulipisheni kitu."

Subhanallah. Nguzo ile ina urefu wa kama miaka minne ya nuru, yaani mwendo wa mwanga wa miaka minne, na mkasi umeipunguza bure bila malipo.

Ngazi ile haikuwa kosa. Kamera ya Hubble ya wakati ule ilikuwa na vipande vinne vya kunasia mwanga. Vitatu vilitazama eneo pana. Cha nne kilitazama eneo dogo, lakini kwa undani zaidi. Ukitaka vyote vinne vilingane kwenye picha moja, hicho cha nne huna budi kukipunguza, na ukikipunguza kinaacha pengo pembeni. Shona vipande vinne vya kitambaa ambavyo kimoja kilishafuliwa kikanywea, utaona mwenyewe. Pengo hilo ndiyo ngazi, na kwangu mie ndiyo sahihi ya picha. Mwaka 2014 Hubble ilipiga tena palepale kwa kamera mpya, ngazi haimo. Darubini ya Webb nayo ikapiga mwaka 2022, kwa mwanga usioonekana kwa jicho, na nguzo zikawa kama za ukungu, nyota zinachungulia nyuma yake. Kwa hiyo ukiingia nyumba ya mtu, tazama pembe ya juu kulia, utajua ana picha gani kabla hajakukaribisha kiti.

Kuna mtu pale nyuma kila mwaka huniambia, "Mwalimu, si pambo tu hilo?" Pambo, ndiyo. Lakini ungemtundika babu yako ukutani bila kichwa ukasema pambo?

Na mwingine: "Rangi zenyewe za uongo." Hapa nataka tuelewane. Kila picha ilitoka kwenye darubini haina rangi, nyeusi na nyeupe. Walichuja mwanga mara tatu: wa salfa wakaupa nyekundu, wa hidrojeni kijani, wa oksijeni buluu. Mwanga ule wa hidrojeni kwa asili yake ni mwekundu, wao wakauweka kijani makusudi, ili usichanganyike na wa salfa ambao nao ni mwekundu. Ramani ya Unguja ina bahari ya buluu iliyokoza kwenye kina na hafifu kwenye maji machache. Nani kamwita mchora ramani mwongo? Uongo ni kule kuchukua picha, kuzidisha zambarau mpaka inang'aa kama taa za harusi, kisha kuiandika jina la nebula nyingine, yaani wingu jingine la angani. Hilo nimeliona madukani, tena kwa bei ya kutisha, na ilhali NASA, shirika la anga la Marekani, picha zao nyingi hawazidai hakimiliki. Wanaomba utaje chanzo, basi. Faili unalishusha mwenyewe, bure.

Lakini lishushe lilipo, lile kubwa! Usichapishe uliyotumiwa kwa WhatsApp. Karatasi ya A1 ni sentimita 84 kwa 59. Ukiitaka safi kabisa yahitaji piksel karibu 10,000 kwa 7,000. Kwa picha ya kutazamwa toka kwenye kochi, nusu ya hapo inatosha. Ile ya WhatsApp itakupa nyota za mraba.

Naoneshwa saa. Haya, haraka haraka.

Kioo: nebula ni nyeusi sehemu kubwa, na weusi nyuma ya kioo ni kiyoo cha kujitazamia. Ukiiweka mkabala na dirisha utaona kofia yako na mapazia. Ukuta: nyumba zetu za mawe na chokaa zinavuta unyevu na chumvi, kwa hiyo gongomea vijiti viwili nyuma ya fremu, hewa ipite, ama sivyo ukungu utaota nyota zake wenyewe. Jua la alasiri, msithubutu. Kuhusu wino nilikuwa na mengi, tuyaache.

Nisichokiacha ni hiki. Mnatundika nebula iliyo mbali miaka 6,500 ya nuru, na ile ya Jabari, yaani Orion, miaka 1,300 na kitu, inapita juu ya mapaa yenu hasa. Si kusema tu: sisi tuko nyuzi 6 kusini ya ikweta, yenyewe iko nyuzi 5 na ushei. Haipotezi utosi hata kwa nyuzi moja. Mwisho wa Januari kama huu, saa tatu na nusu usiku, inasimama wima juu ya kichwa. Tafuteni nyota tatu zilizopangana, kisha kusini yake kuna nyingine tatu hafifu. Ya katikati haitulii, ina utusitusi. Ndiyo hiyo. Rangi hamtaiona, ni kijivu tu, jicho letu usiku ndivyo lilivyo.

Sasa ni saa tatu na robo. Nimeomba taa za uani zizimwe na darini pamefunguliwa. Pandeni wawili wawili, kinamama mbele, na simu mfukoni tafadhali. Kidato cha tatu kutoka juu ni kibovu, shikeni ukuta.