Mbavu za Mawe za Durham

Ndugu zangu, sisi Watanzania Wabenediktini tunawajua kwa Peramiho na Ndanda, kwa hospitali na karakana zao. Leo nawapeleka Durham, kaskazini mwa Uingereza, kwa ndugu zao wa zama za kati. Waashi waliojenga kanisa la watawa wale wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Mwaka 1083 Askofu William wa St Calais aliwaondoa makleri waliokuwa wakilinda kaburi la Mtakatifu Cuthbert, akaleta watawa 23 kutoka Wearmouth na Jarrow. Askofu mwenyewe alihesabiwa kuwa abate, yaani mkuu wa monasteri, kwa hiyo aliyewaongoza watawa siku hadi siku alikuwa priori, msaidizi wa abate. Miaka 10 baadaye, tarehe 11 Agosti 1093, ujenzi wa kanisa jipya ulianza juu ya mwamba uliozungukwa na mto Wear pande tatu.

Tuingie ndani. Zile nguzo nene za mviringo zina mzunguko wa karibu mita 6.6, na kimo chake ni hicho hicho. Zimechongwa zigizaga, nyingine michirizi inayopanda ikizunguka. Ukisogea ukaangalia maungio, utaona mchoro unavuka kutoka jiwe hadi jiwe bila kukatika. Mawe yale yalichongwa chini kwa vipimo maalumu, ndipo yakapandishwa. Mwashi alikuwa na nguzo nzima kichwani kabla jiwe la kwanza halijakaa!

Sasa tazama juu. Makanisa mengi makubwa ya wakati ule yalikuwa na dari la mbao, na moto ukizuka halibaki kitu. Dari la mawe haliungui, lakini ni zito na linasukuma kuta zifunguke. Waashi wa Durham walitangulia kujenga mbavu, yaani matao membamba yanayokatizana, kisha wakajaza mawe katikati yake. Hapo wakakutana na tatizo: tao la nusu duara kimo chake hufuata upana wake, na tao linalokatiza kutoka pembe hadi pembe ni pana kuliko linalotoka ukuta hadi ukuta, kwa hiyo vilele havilingani. Katika dari la ukumbi wa waumini, lililokamilika 1133, wakalichongoa kileleni tao la ukuta hadi ukuta likawa na ncha, likafika kimo cha wenzake. Na kuta je? Wakaziegemeza kwa robo za matao zilizofichwa chini ya mapaa ya pembeni, ambazo mtu aliye chini hazioni.

Dari la awali la upande wa altare lilipata nyufa, likajengwa upya karne ya 13. Hilo haliwapunguzii kitu. Mbavu, ncha na egemeo ndivyo vilivyokuja kubeba makanisa ya Kigothi ya Ufaransa, yale marefu yenye matao ya ncha.

Ustadi huo uliingia hadi jikoni. John Lewyn alijenga jiko la monasteri kati ya 1366 na 1374: pembe nane, na mbavu zinazounda nyota kuzunguka tundu la kutolea moshi.

Tarehe 31 Desemba 1539 Priori Hugh Whitehead aliikabidhi monasteri kwa Mfalme Henry wa Nane, aliyekuwa akizifunga monasteri za Uingereza. Mwaka 1541 akawa mkuu wa kwanza wa kanisa kuu hilo hilo, na baadhi ya watawa wake wakawa makanoni, yaani mapadre wa kanisa kuu. Kwingine majengo ya watawa yalibomolewa, mawe yakauzwa. Hapa yalibaki na wenyewe. Jiko la Lewyn liliendelea kupikiwa hadi karne ya 20.