Deni la Filamu ya Tatu

Habari za jioni. Nashukuru mmejaa, ingawa najua wengine mmefuata kiyoyozi. Leo nazungumzia The Dark Knight Rises ya mwaka 2012, ya mwisho kati ya filamu tatu za Batman alizoziongoza Christopher Nolan, na nitaisimulia mpaka mwisho wake. Ambaye hajaiona miaka yote hii asije akanilaumu.

Nikipiga kura humu ndani, wengi mtasema sehemu ya pili ndiyo kali zaidi. Sibishi. The Dark Knight ya 2008 ina Joker wa Heath Ledger, aliyefariki Januari mwaka huohuo, kabla filamu haijatoka, akapewa Oscar mwaka uliofuata. Lakini kusema ya tatu ni mbovu kwa kuwa Bane, adui wa humo, hamfikii Joker ni kupambanisha maadui, filamu yenyewe bado hujaigusa. Sehemu ya pili ina ruhusa ya kuvuruga kila kitu na kuondoka zake. Ya tatu inarithi madeni. Kwa hiyo mimi huuliza: zile mbili za mwanzo zilikopa nini, na hii imelipa kwa pesa halali?

Nasema halali kwa sababu malipo ya bandia yapo. Chukueni Spider-Man 3 ya Sam Raimi, ya 2007. Katika filamu ya kwanza, Peter Parker, ndiye Spider-Man mwenyewe, anamwacha mwizi apite, na huyohuyo anatajwa kuwa ndiye aliyemuua mjomba Ben. Ushujaa wote wa kijana yule umejengwa juu ya hatia ile. Ya tatu inakuja kutuambia aliyefyatua risasi ni Sandman, mtu mwingine kabisa. Hapo deni halikulipwa. Mtu kaingia usiku kubadilisha daftari.

Turudi kwa Nolan. Deni lake la kwanza lilikopwa 2005, katika Batman Begins. Mnakumbuka Bruce Wayne, ndiye Batman mwenyewe, akiwa mtoto anatumbukia kisimani, popo wanamvamia, halafu baba yake anashuka kwa kamba kumtoa. Filamu nzima inamfundisha kuishinda hofu iliyozaliwa mle kisimani.

Sasa 2012. Bane anamvunja mgongo, kisa kilichotoka kwenye vitabu vya katuni vya Batman vya 1993, kisha anamtupa kwenye gereza lililo chini ya shimo refu lenye mdomo wazi juu. Kutoka si marufuku. Unafunga kamba kiunoni, unapanda, unafika pahali ambapo lazima uruke. Bruce anaruka, anakosa, kamba inambamiza ukutani. Mfungwa mmoja mzee anamwambia tatizo lake ni kwamba haogopi kufa. Apande kama alivyopanda yule mtoto wa zamani aliyefanikiwa kutoka, bila kamba.

Angalieni kazi iliyofanyika hapo. Ile hofu aliyofundishwa kuishinda, sasa anaambiwa airudishe, ndiyo itakayomrusha. Na kamba ni ileile ya baba yake kisimani. Safari hii anaiacha. Wafungwa wanaimba kwa sauti moja, muziki wa Hans Zimmer unapanda nao, na anapofika kwenye ukingo popo wanafumuka kutoka ukutani mbele ya uso wake. Anaruka, anashika. Akishatoka nje, kwenye jangwa lililopigwa picha Jodhpur, India, ngome ya Mehrangarh ikiwa nyuma yake, kitu cha kwanza anachofanya ni kuwatupia kamba waliobaki chini. Ni sekunde chache tu, wala hakuna anayelisemea neno. Filamu nyingi za mashujaa hazijawahi kuandika kitu kama hicho.

Najua mtakachouliza. Alirudije Gotham, mji umezingirwa, hana pasipoti wala senti? Sijui, wala sijali. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza hatukuwahi kumuuliza stelingi nauli.

Deni la pili ndilo linalonikera. Sehemu ya pili iliisha kwa uongo. Harvey Dent, mwendesha mashtaka aliyegeuka muuaji, akafanywa mtakatifu, Batman akabeba lawama, na Gordon, kamishna wa polisi, akaridhia. Miaka minane baadaye mji umetulia kwa sheria yenye jina la Dent, na watu wamejazwa jela bila matumaini ya kutoka mapema. Gordon anatembea na hotuba ya ukweli kwenye koti. Bane anaipata, anaisoma hadharani mbele ya gereza la Blackgate, kisha anawafungulia wafungwa. Blake, yule polisi kijana, anamgeukia Gordon, anamwambia mikono yake ni michafu. Nilikaa vizuri kwenye kiti, nikasema sasa ndiyo tunaanza.

Hatukuanza. Linaingia bomu lenye saa inayohesabu, na Dent anasahaulika. Hatumsikii mkazi hata mmoja akisema kitu kuhusu kudanganywa miaka minane. Wale waliofungwa kwa sheria ile wanabaki kuwa kundi la kupigwa ngumi na polisi mtaani. Mwishoni Batman analibeba bomu kwa ndege yake hadi baharini, watu wanaamini amekufa, anazinduliwa sanamu, yaani mji umebadilisha mtakatifu tu. Filamu ina dakika 164, na muda wa mikutano ya bodi ya kampuni ya Wayne ulipatikana.

Malalamiko mengine ni madogo. Sauti ya Bane watu waliilalamikia kuwa haieleweki tangu kionjo cha Desemba 2011, ikarekebishwa. Na ukiizoea inachekesha na kutisha kwa pamoja.

Wapo wanaosema ule mkahawa wa Florence, Alfred, mtumishi wake mzee, anapomwona Bruce akiwa hai pamoja na Selina, yule mwizi wa kike, ni ndoto ya mzee. Hapana. Tunaonyeshwa fundi akigundua kwamba Bruce alisharekebisha mfumo wa ndege kujiendesha yenyewe, na mkufu wa lulu wa mama yake haupo kwenye orodha ya mali. Nolan ameweka ushahidi mezani. Stelingi hafi, na hapa tumepewa risiti.

Nawapa nafasi ya maswali. Ombi moja tu: msiniulize kuhusu namna Talia, yule mwanamke aliyekuwa nyuma ya Bane, anavyokata roho. Hiyo hata mimi sina utetezi wake.