Dozi Bure, Nauli Je?

Mhadhara kwa wanafunzi wa uuguzi na utabibu, pamoja na watendaji wa halmashauri

Mwenyekiti, walimu, wanafunzi, na ninyi wenzetu wa halmashauri mliokaa karibu na mlango, asanteni. Barua ya mwaliko ilinipa mada ndefu, "huduma za waraibu kwa wagonjwa wa nje katika hospitali za wilaya". Mimi nitazungumzia nauli. Walionisikia kwingine naona wameshaanza kucheka. Chekeni tu, nauli haijashuka tangu nianze kuisema.

Historia mnaijua, naipita mbio. Februari 2011 Muhimbili ikafungua kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotibu waraibu wa unga, yaani heroini, Mwananyamala ikafuata 2012, kisha Temeke. Leo Mbeya wanayo, Mwanza wanayo, Dodoma wanayo. Zanzibar wana Kidongo Chekundu. Jirani zetu Kenya walianzia Mathari mwishoni mwa 2014, wakashuka pwani Malindi na Mombasa. Hongera kwetu sote. Mgonjwa halipii dawa hata senti moja. Ndipo watu huniuliza: sasa mama, unalalamika nini?

Nalalamikia kitu kimoja. Unga ukishaingia mwilini haukai, baada ya saa chache arosto, yale mateso ya mwili unaodai unga, inabisha hodi. Methadoni inakaa siku nzima na zaidi, kwa hiyo kikombe kimoja kwa siku kinatosha. Lakini ni kila siku. Jumapili, Idi, Krismasi, siku ya kupiga kura, siku ambayo maji yamefunga barabara pale Jangwani. Anafika dirishani, unahakiki kadi na picha, unamwangalia anavyotembea, unamtazama macho, unanusa kama kuna pombe. Unampimia dawa, anainywa mbele yako, anashushia maji, anasema neno moja ujue hajaificha mdomoni. Dakika mbili, amemaliza.

Sasa zile dakika mbili zina bei. Chukueni kalamu. Mtu anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, tuseme mia sita kila gari. Hiyo ni 2,400 kwa siku, 72,000 kwa mwezi. Na huyu ni nani? Ni mtu aliyetoka kijiweni juzi. Kazi hana, kwao wanamficha hata kijiko. Pesa ya unga alikuwa akiipata kwa njia mnazozijua, na sisi tumemwambia aache njia hizo. Ameacha. Halafu tunamdai 72,000 kila mwezi aje kunywa dawa ya bure.

Akikosa kuja, tunaandika kwenye faili kwamba hana dhamira. Ninyi vijana mnaokwenda kuanza kazi, kabla hamjaliandika neno hilo, mwulizeni mgonjwa amekujaje. Wengine huja kwa miguu. Kuna wanaotoka alfajiri na kufika jua limeshapanda, dozi yenyewe wanainywa magoti yakitetemeka, nawe unaanza kushuku wamechanganya na kitu.

Nitawapa kisa cha saidia fundi mmoja. Kituo sikitaji, na yeye simtaji. Alikuwa ametulia kweli: dozi imekaa sawa, mkojo safi mwezi baada ya mwezi, mwili umerudi, mama yake amerudisha redio sebuleni. Akapata kibarua kwenye ghorofa linalojengwa, tukampongeza, na hapo hapo ndipo sisi wenyewe tulipoanza kumwangusha. Kazini wanaita majina saa moja kamili asubuhi. Dirisha letu linafunguliwa saa moja kamili asubuhi. Katikati kuna daladala mbili na foleni.

Akawa anafika saa mbili na nusu. Msimamizi akamwuliza, wewe kila siku unachelewa nini? Angesema ukweli angeambiwa mateja hawapandi kwenye jukwaa langu. Akasema anampeleka mtoto shule. Mtoto hana! Kumbe yule msimamizi ni baba wa watu, ana huruma zake, akamruhusu. Kisha akaanza kumwulizia mtoto. Yuko darasa la ngapi? La pili. Anaendeleaje? Hesabu zinampiga chenga. Siku moja akamletea madaftari na penseli, mpe mwanao. Madaftari yale yaliishia kliniki, na mimi nimepanga zamu za wauguzi kwenye daftari la mtoto ambaye hajazaliwa. Jumamosi pia ni siku ya kazi, msimamizi akashangaa, leo shule gani? Tuisheni. Na nani atabisha, tuisheni za siku hizi mnazijua.

Desemba shule zikafungwa. Msimamizi akamwambia, sasa huna sababu, kesho nakutaka saa moja. Kijana akapiga hesabu zake akaona kazi isimpite. Siku ya kwanza alivumilia, maana methadoni haitoki mwilini ghafla. Siku ya pili miayo, mafua, mifupa kama inasagwa. Siku ya tatu tumbo likafunguka akiwa juu ghorofani na ndoo ya zege begani. Jioni akapitia kijiweni. Alipokuja kwetu hatukuweza kumrudishia dozi yake ileile, kwani aliyekosa siku tatu mfululizo na kujichanganyia unga ukimpa kama zamani unaweza kumzimisha pumzi. Tukamshusha, tukaanza kumpandisha polepole, na siku zote hizo hakuwa na nguvu ya kubeba hata tofali. Kibarua kikaota mbawa. Mwenzangu akaandika kwenye faili: "amerudia". Mimi ningeandika kwamba dirisha lilichelewa kufunguliwa.

Namwona mtu anatikisa kichwa. Unataka kuniuliza mbona msimpe dawa akaenda nayo nyumbani. Swali zuri, na si la kujibu kwa ukali. Dozi ya mtu mzima aliyeizoea, mtoto wa nyumba hiyo akiinywa akidhani ni juisi, anakufa. Nyingine itauzwa, tusidanganyane. Lakini kati ya mgonjwa wa wiki ya kwanza na mgonjwa aliyetulia mwaka mzima kuna tofauti, na sheria inayowafanya kitu kimoja ni sheria ya uvivu. Marekani, ambako masharti ya methadoni yalikuwa magumu kama chuma, korona ilipoingia Machi 2020 waliruhusu aliyetulia apewe dozi za hadi siku 28 akanywee nyumbani, na mwaka 2024 wakaliingiza jambo hilo moja kwa moja kwenye kanuni zao. Chupa yenye kifuniko kisichofunguliwa na mtoto, sanduku lenye kufuli, na mtu wa kumfuatilia. Haya si makubwa.

Mwingine ana swali lile la "mnambadilishia ulevi kwa ulevi". Hili nimelijibu mpaka sauti imekauka, leo nalijibu mara moja tu. Mtu aliye kwenye dozi iliyokaa sawa halewi. Anaamka, anakula, anafanya kazi, hajidungi, haazimi sindano. Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005. Na wewe unayesema apelekwe tu soba, zile nyumba za kuachia unga, akae miezi minne, atoke safi: soba zinawafaa wengi, sizigombi. Ila jueni kwamba anayetoka humo mwili umeshasahau unga. Akiteleza siku moja na kupiga kiasi chake cha zamani, hiyo inaweza kuwa ya mwisho. Ndiyo sababu "ataacha lini methadoni" si swali langu la kwanza. Langu la kwanza ni kama kesho atafika.

Tena kuna sababu ya kitabibu ya kutaka dirisha liwe ndani ya hospitali ya wilaya, si jengo la pekee kule mjini. Wanafunzi, hapa ndipo mtihani wenu ulipo. Mgonjwa wa methadoni anakohoa, anapimwa, ana TB. Kituo cha TB kinamwanzishia dawa, ndani yake mna rifampisini. Rifampisini inalihimiza ini liivunje methadoni haraka mno. Baada ya wiki moja au mbili, dozi iliyokuwa ikimtosha saa 24 inaisha usiku wa manane. Anaamka na arosto, jasho, tumbo. Nyumbani wanasema, si tuliwaambia, karudi kule kule. Naye anajua tangu aanze vidonge vya TB ndipo mateso yalipoanza, basi anaviacha. Ameshindwa tiba mbili kwa mpigo, na kosa lake ni lipi? Watu wawili hawakuongea. Ilitakiwa dozi ya methadoni ipandishwe, na TB ikiisha ishushwe tena taratibu, maana usiposhusha hapo ndipo atakapozidiwa. Efavirenzi nayo ina tabia hiyohiyo kwa wenye VVU, ingawa sasa wengi wako kwenye dolutegraviri. Dirisha la methadoni likiwa hatua thelathini kutoka chumba cha TB, muuguzi anavuka uwanja na kusema. Likiwa ng'ambo ya jiji, nani atasema?

Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri si jipya, na halihitaji jengo. Kliniki kubwa zianzishe dozi, hiyo ndiyo kazi yenye hatari na inataka wazoefu. Mgonjwa akishatulia, ahamishiwe hospitali iliyo karibu na kwao. Chumba kimoja, kabati la chuma lenye kufuli mbili, kipimio, mfamasia, muuguzi, mshauri. Na naloksoni, dawa ya kumwamsha aliyezidiwa na dozi, iwe mkononi, si stoo. Dawa za VVU nazo zilianza hivyo hivyo, hospitali kubwa kwanza, leo zinapatikana hadi vituo vya afya, na hakuna anayekumbuka tulivyoambiwa haiwezekani. Mwanzoni mwa zamu pawe na saa nzima ya alfajiri kwa wenye vibarua. Posho ya saa hiyo najua itaulizwa, na jibu ninalo, ila nasubiri mwulize.

Wanawake. Nilitenga nusu ya mhadhara kwa ajili yao na sasa nabaki na dakika. Ni wachache sana kwenye foleni zetu, wala si kwa sababu hawatumii. Anayekuja na mtoto mgongoni anapigwa macho na foleni nzima, basi mara ya pili haji. Mjamzito asiachishwe ghafla, anaweza kumpoteza mtoto. Aanze methadoni, na akijifungua anyonyeshe. Wekeni saa yao.

Na pombe! Pombe ilistahili mhadhara wake. Nawaachia hili tu: arosto ya unga inatesa, ya pombe inaua. Mnywaji wa miaka mingi aliyekata ghafla akianza kutetemeka, msimwambie akapumzike nyumbani. Degedege huja ndani ya siku mbili za mwanzo. Mlazeni, mpeni diazepamu kwa vipimo, na vitamini B1 itangulie glukosi. Hospitali ya wilaya ina vyote hivyo leo hii, bila mfadhili.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali. Nianze na mweka hazina, maana namwona ameshafunga daftari.