Alama 6 kwa Kuzibua Mtaro

Mabibi na mabwana, waandaaji wameniomba nieleze jinsi vyama vya michezo vinavyoshirikiana na serikali, makampuni na mashirika ya maendeleo. Nitakwenda moja kwa moja Mathare, Nairobi.

Mwaka 1987 Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akishughulika na masuala ya mazingira, alianzisha MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, pamoja na vijana wa mtaa huo. Watoto walikuwa na mpira wa juala. Refa hawana, ratiba hawana, na mitaro imeziba kwa taka zisizozolewa. Chama kikaziunganisha shida hizo: ligi mtapata, lakini kila timu itafanya usafi mtaani kwake. Kazi ikikamilika, timu inaongezewa alama 6 kwenye msimamo wa ligi. Pigeni hesabu wenyewe. Ushindi wa mechi ni alama 3. Straika wako afunge atakavyo, msipojitokeza na reki na majembe mtapitwa na timu mliyoichapa juzi.

Kwa mpango huo chama cha mpira kikawa na kitu ambacho watu wa mazingira na wa afya wanakihitaji na hawawezi kukinunua: maelfu ya vijana wanaokuja wenyewe. Mwaka 1992 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ikaipa MYSA tuzo yake ya Global 500. Wanorwei wakaingia, timu zikawa zinakwenda Oslo kucheza Norway Cup, mashindano ya soka ya vijana, na msaada wao ukadumu miaka mingi. Elimu ya ukimwi ikapitia kwa wachezaji walewale. Zikaja maktaba, ikaja karo: kijana anajikusanyia alama kwa kujitolea, na tuzo yake inalipwa shuleni, haipiti mkononi mwa mtu. (Waweka hazina mliopo hapa, mmesikia.) Na mpira haukusahauliwa. Mathare United, timu iliyozaliwa humo humo, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008.

Sasa zitazameni klabu kubwa za soka Kenya, Gor Mahia na AFC Leopards. Mwaka 2019 mdhamini wao SportPesa, kampuni ya kubeti, ilivutana na serikali juu ya leseni na kodi. Ugomvi haukuwa wa klabu, lakini udhamini ulikatika na wachezaji wakaanza kudai mishahara. Kampuni siilaumu sana. Mfanyabiashara hufuata faida yake. Nawalaumu viongozi wa michezo, nami nimo, tunaouza kifua cha jezi kisha tukarudi ofisini kupumzika, wakati tuna mashabiki ambao wizara ya afya ingefurahi kuwafikia japo kwa dakika tano za mapumziko.

Kwa hiyo mkiketi kuandika barua ya maombi, ukurasa wa kwanza usitaje fedha. Andikeni mna watoto wangapi kila wiki, wa rika gani, kiwanja gani, na nani mwingine mjini anawatafuta watoto haohao. Bajeti ije nyuma. Haya, karibuni kwa maswali. Waweka hazina naona mmeshanyoosha mikono.