Wanawake wa Gemu: Anayeondoka na Anayebaki

Mhadhara uliotolewa Kijitonyama, Dar es Salaam, mbele ya wanafunzi wa TEHAMA, watengenezaji wa gemu na wenye vibanda vya gemu

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo. Nawashukuru waandaaji, na nawashukuru zaidi kaka zetu wenye vibanda vya gemu wa Sinza, Mwananyamala na Mbagala waliokubali kufunga mapema ili waje hapa. Najua Ijumaa jioni ndiyo siku yenu ya hela.

Nimeombwa nieleze kwa nini wanawake ni wachache kwenye tasnia ya gemu. Swali hili huwa linajibiwa haraka: wasichana hawapendi gemu, wasichana wanaogopa hesabu, basi wahamasishwe. Na kweli tunawahamasisha. Hapa mjini mafunzo ya wasichana na TEHAMA hayakosekani. Wanapewa fulana, wanapigwa picha ya pamoja, wanapewa vyeti, na ripoti inaandikwa kwamba wameingia wasichana kadhaa. Nimefundisha kwenye mafunzo hayo miaka mingi na nayaamini. Ila sijawahi kuona ripoti inayosema wameondoka wangapi, na nini kiliwaondoa. Leo naomba tuwazungumze hao.

Wengi wenu mmezaliwa mkakuta gemu ni mambo ya wavulana, mkadhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Mwaka 1978 Carol Shaw, mwenye shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta, aliajiriwa na kampuni ya gemu ya Atari huko California. Amesimulia mwenyewe kwamba rais wa kampuni alipopita ofisini kwao alifurahi kumkuta, akasema sasa wamepata mwanamke wa kuwatengenezea gemu za kulinganisha rangi za vipodozi na kupamba nyumba. Shaw baadaye akahamia kampuni nyingine ya gemu, Activision, na mwaka 1982 akatoa gemu ya River Raid. Ndege ya kivita inaruka juu ya mto, unapiga meli na madaraja, unawahi mafuta kabla hayajakuishia.

Wanafunzi wa programu, hapa nisikilizeni vizuri. Katriji ya gemu ile, yaani kasha dogo lenye gemu linalochomekwa kwenye mashine, ilikuwa na kilobaiti 4 tu. Picha moja mnayotumiana WhatsApp ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Mto mrefu kiasi kile hauwezi kukaa humo. Shaw hakuuchora. Aliandika kanuni ya hesabu inayouzalisha mto kipande kwa kipande, kingo na visiwa vyake, kwa mpangilio unaoonekana wa kubahatisha lakini unaorudi vilevile kila ukianza upya. Zoezi hili huwa nawapa wanafunzi wangu na wengi wanakesha nalo. Aliyelifanya miaka ile, kwa mashine zile, ndiye aliyetarajiwa kuchagua rangi za midomo.

Pale pale Atari, mwaka 1980, aliingia Dona Bailey. Alikuwa mwanamke pekee kati ya waandika programu wa idara ya mashine za kuchezea kwa sarafu. Yeye na mwenzake Ed Logg wakatengeneza gemu ya Centipede, na ikapendwa sana, na wanawake walikuwa wengi kati ya walioicheza. Kwa mwajiri yeyote mwenye akili ya biashara, hapo ndipo pa kusema tupatieni wengine kama huyu. Bailey aliondoka Atari mwaka 1982, na baada ya miaka michache akaiacha tasnia kabisa, akaja kuwa mwalimu wa chuo kikuu. Alikaa kimya muda mrefu kabla ya kusema hadharani kwamba presha na maneno ya wenzake wa kiume yalichangia kumwondoa. Hakushindwa kazi. Kazi yake iliuza.

Mwaka 1983 soko la gemu la Marekani likaanguka. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilipoingia huko mwaka 1985 iliuza mashine yake kama kitu cha kuchezea watoto, na maduka ya vitu hivyo yalikuwa na rafu za wavulana na rafu za wasichana. Gemu zikapangwa upande wa wavulana. Matangazo yakafuata rafu, magazeti yakafuata matangazo, na vijana waliokulia kwenye rafu ile ndio waliokuja kuajiriwa kutengeneza gemu zilizofuata. Nataka mlione hili kwa uwazi: walikaa watu, wakaamua bidhaa yao iuzwe wapi na kwa nani. Asili ya mtoto wa kike haikuhusika.

Uamuzi wa namna hiyo unaendelea mpaka leo. Mwaka 2014 kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa walikuwa wanaandaa gemu ya Assassin's Creed Unity, ya wauaji wa siri, inayotokea wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Wachezaji wanne wangeweza kushirikiana, na kati ya hao wanne hapakuwa na mhusika wa kike hata mmoja. Walipoulizwa, walisema kumweka mwanamke kungeongeza kazi mara mbili, mienendo mipya ya mwili, mavazi mapya. Fundi wa kuwatengenezea wahusika mienendo aliyewahi kufanya kazi kwenye mfululizo huohuo akajitokeza kusema ni kazi ya siku moja au mbili. Sasa fungueni historia ya mapinduzi hayo. Mwaka 1793 Marat, mmoja wa viongozi wa mapinduzi, aliuawa kwa kisu akiwa kwenye beseni la kuogea. Aliyemuua ni Charlotte Corday, mwanamke. Gemu la wauaji wa kisiasa, jijini Paris, miaka ileile, na hakuna nafasi ya mwanamke!

Mnaopenda mpira hamjapona. Gemu za FIFA zilianza mwaka 1993. Timu za wanawake zikaingia kwa mara ya kwanza kwenye FIFA 16, mwaka 2015, timu za taifa 12. Miaka 22 mtoto wa kike alishika pedi ya kuchezea gemu bila kumwona anayefanana naye uwanjani. Na hapa kwetu Serengeti Girls waliwafunga Ufaransa 2-1 kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 mwaka 2022 na kufika robo fainali. Vipaji tunavyo. 

Nimekaa kwenye kibanda kimoja cha gemu hapa mjini, nimeangalia. Kanuni mnaijua: anayefungwa anatoka, mshindi anabaki. Akaingia binti, bado ana sketi ya shule, akasubiri zamu yake kwenye benchi. Alipopata pedi akamfunga kijana mabao matatu. Kibanda kizima kikapiga kelele, "Umefungwa na demu!" Yule kijana akatoka ameinamisha kichwa. Aliyefuata zamu akasema anasubiri TV ya pembeni. Wa tatu akatoa simu, akajifanya ana ujumbe. Na ukiwaangalia unaelewa hesabu wanayopiga: ukimfunga msichana hujafanya kitu, ukifungwa naye utachekwa wiki nzima mtaani. Binti akabaki na pedi mkononi, hana wa kucheza naye. Mwenye kibanda akamwambia acheze na kompyuta au ainuke awapishe wanaolipa. Akainuka.

Kwa kanuni ya kibanda chenyewe yeye ndiye aliyepaswa kubaki.

Hakutukanwa na mtu. Hakuguswa na mtu. Mkimuuliza yeyote pale atawaambia wasichana hawapendi gemu, mbona yule naye alikaa kidogo akaondoka. Ndiyo maana nawaomba kaka zangu wenye vibanda jambo dogo sana: andikeni ukutani kwamba anayemkataa mpinzani wa zamu anakwenda mwisho wa foleni. Hamtapoteza shilingi.

Mtandaoni hali ni mbaya zaidi. Wasichana wanaocheza Free Fire, gemu ya simu ya kupigana mtandaoni, wananiambia wanajiandikisha kwa majina ya kiume na hawafungui maiki. Ukisikika sauti yako tu unaambiwa nenda jikoni, au tuma picha. Mwaka 2012 Anita Sarkeesian aliomba michango ya dola 6,000 mtandaoni atengeneze video za kuchambua jinsi wanawake wanavyoonyeshwa kwenye gemu. Video za uchambuzi tu. Wanaomuunga mkono walimchangia zaidi ya dola 150,000, na wasiompenda wakamwandama kwa matusi na vitisho. Mwaka 2014, kwenye wimbi la kuwaandama wanawake wa gemu mtandaoni lililoitwa Gamergate, aliondoka nyumbani kwake kwa kuhofia maisha yake. Brianna Wu, mtengenezaji wa gemu, naye akaondoka kwake. Oktoba mwaka huohuo Sarkeesian alialikwa kutoa mhadhara Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, kama mimi nilivyoalikwa hapa leo. Likaja tishio kwamba watakaohudhuria watauawa kwa risasi. Sheria ya jimbo lile inaruhusu wenye leseni kuingia na bunduki chuoni, polisi wakasema hawawezi kuwazuia. Mhadhara ukafutwa. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema hayo ni maneno tu ya mtandaoni, mkumbusheni kwamba ukumbi ulifungwa na wanawake wakahama makwao.

Kazini je? Mwaka 2018 ilitoka taarifa ya kina juu ya kampuni ya Riot Games, wenye gemu ya League of Legends: wanawake kunyimwa vyeo, kulipwa pungufu, kudhalilishwa. Kigogo mmoja aliyetuhumiwa kwa vitendo vya aibu dhidi ya wafanyakazi alisimamishwa miezi miwili bila mshahara, kisha akarudi kwenye kiti chake. Mwaka uliofuata kampuni ikakubaliana na walalamikaji kulipa dola milioni 10. Mamlaka za jimbo la California zikaingilia kati zikisema hizo ni kidogo mno, na mwishoni mwa 2021 suluhu ikafikia dola milioni 100. Kumbukeni hesabu hiyo siku mtakapoambiwa mpokee kidogo mnyamaze.

Mwaka huohuo wa 2021 California iliishtaki Activision Blizzard kwa mambo kama hayo, na wafanyakazi wakasimamisha kazi wakatoka nje kuandamana. Kesi ya jimbo ilimalizwa kwa suluhu mwaka 2023, dola milioni 54 na zaidi. Kwa Ubisoft hukumu ilichelewa. Malalamiko yalilipuka mwaka 2020, mkuu wao wa ubunifu, Serge Hascoët, akajiuzulu. Julai 2025 mahakama ya Bobigny, karibu na Paris, iliwatia hatiani yeye na waliokuwa viongozi wenzake wawili kwa unyanyasaji na ushiriki katika unyanyasaji. Vifungo vyote vilikuwa vya nje. Kati ya mambo yaliyosikika mahakamani ni mfanyakazi kijana wa kike kufungwa kwenye kiti kwa utepe wa gundi na kusukumwa kwenye lifti, na wenzake wanatazama. Swali linalonisumbua mimi ni hilo la waliokuwa wanatazama. Ofisi nzima ilijua. Funika kombe mwanaharamu apite, maana bosi ana kipaji, bosi ndiye anayejua kipi kitauza.

Na ndivyo tunavyofanya hapa. Nilikuwa na mwanafunzi hodari wa kuchora wahusika wa gemu, mkono wake hauna mfano. Alipata kazi kwenye studio moja hapa jijini. Bosi akaanza kumtumia ujumbe usiku, kisha akamwambia wazi kwamba mkataba wa kudumu una bei yake. Alipolalamika kwa mwenzake mkubwa aliambiwa, "Mdogo wangu, yule ndiye anayeleta wateja." Akaacha kazi. Sasa anauza nguo Kariakoo, anajitahidi, namheshimu. Lakini tasnia yetu changa imempoteza mchoraji na imebaki na yule bosi. Na kwenye ripoti ya mafunzo aliyopitia, bado anahesabika kuwa ameingia.

Wadogo zangu mnaofungua studio zenu za watu watatu au wanne: mnaponiambia mambo ya kanuni za malalamiko ni ya makampuni makubwa, nawaambia Riot nayo ilianza ndogo. Wekeni leo, kabla ya lalamiko la kwanza, mtu wa kupokea malalamiko ambaye si mwenye studio wala rafiki yake. Andikeni viwango vya mishahara. Majina ya waliofanya kazi yaingie kwenye gemu hata kama wameshaondoka.

Na nyie mnaoendesha mafunzo, mwaka ukipita wapigieni simu wote waliomaliza, hasa waliopotea. Waulizeni wako wapi na kiliwatoa nini. Majibu hayo ndiyo yawekwe ukurasa wa kwanza, picha za fulana zifuate.

Kwa dada zangu, nina jambo la sheria, mliandike. Bosi anayetumia cheo chake kudai ngono ili akupe kazi au mkataba anafanya kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hiyo ni rushwa ya ngono na pa kwenda ni TAKUKURU. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inahesabu kumnyanyasa mfanyakazi kuwa ni ubaguzi na imeupiga marufuku. Halafu someni kifungu cha 36 cha sheria hiyohiyo. Mfanyakazi aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri amefanya mazingira yasivumilike, sheria inamhesabu kuwa ameachishwa. Maana yake yule binti wa kuchora hakuacha kazi. Aliachishwa, na alikuwa na haki ya kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kudai. Hakuna aliyemwambia, na muda wa kufungua shauri la kuachishwa kazi ni siku 30. Zikipita inabidi uombe kuongezewa muda na ueleze sababu za kuchelewa. Kwa hiyo tunzeni ujumbe wote mliotumiwa, na tarehe zake, na msikae na jambo hili moyoni mpaka mwezi uishe.