Homoni za Jinsia na Wahaka wa Madume: Tunapima Nini?

Ndugu wasikilizaji, tuanzie kwenye kizimba. Dume la makaki, aina ya kima, linaachwa peke yake dakika 10. Anaingia mgeni, anasimama akilionyesha ubavu wa uso bila kulitazama, dakika 10. Kisha analigeukia na kulikazia macho, dakika 10 nyingine. Jaribio hili la wahaka, la watafiti Kalin na Shelton (1989), lina siri yake hapo katikati: asipotazamwa, mnyama huganda, hatikisiki. Akikaziwa macho hutisha na kubweka. Basi anayejumlisha dakika zote 30 kuwa alama moja ameharibu kazi yake mwenyewe. Hesabu pia kujikuna, maana ni ishara ya wahaka. Lorazepamu, dawa ya kutuliza, hupunguza kujikuna huko.

Sasa testosteroni, homoni kuu ya kiume. Kuuliza kama inaongeza wahaka au inaupunguza ni kuharakisha mambo, kwa sababu ikifika ubongoni haibaki ilivyo. Sehemu yake hugeuzwa na kimeng'enya cha aromatasi kuwa estradioli, mojawapo ya estrojeni, yaani homoni za kike, hata kwenye amigdala, kitovu cha hofu. Sehemu nyingine huwa DHT (dihidrotestosteroni), homoni nyingine ya kiume, ambayo haiwezi kugeuka estradioli.

Kwa hiyo, kuhasi peke yake hakutoshi, maana kunaondoa njia zote mbili kwa mkupuo. Hasi madume, kisha rudishia kundi moja testosteroni, jingine DHT, jingine estradioli, na moja lisipewe homoni. Testosteroni na estradioli zikifanya kazi huku DHT ikishindwa, shuku njia ya estrojeni. Ila DHT nayo ina hila: zao lake moja hutuliza neva kupitia vipokezi vya GABA, kemikali inayotuliza ubongo. Ikituliza, usikimbilie kusema ni kazi ya kipokezi cha androjeni, yaani homoni za kiume.

Wengine huepuka kisu kwa kutumia leuprolidi, dawa ya kuzima testosteroni. Sawa, lakini siku za mwanzo dawa hii hupandisha testosteroni kabla ya kuizima. Ukipima wiki ya kwanza umepima kinyume cha ulichokusudia. Damu nayo ichukuliwe saa ileile, kwani testosteroni hupanda usiku, na msimu uleule, maana makaki wa resasi, spishi inayotumiwa sana maabara, hupandana kwa majira.

Porini mambo huzidi kukunjana. Kwa nyani wa Amboseli, Kenya, utafiti wa 2011 juu ya madume 125 ulionyesha kuwa dume kiongozi ana testosteroni nyingi, na homoni zake za mfadhaiko pia ni nyingi, zikizidi wazi za anayemfuata. Wanaodhani mfalme hulala usingizi mnono wasome hapo. Hata hivyo homoni hizo hupanda pia kwa kupigana na kulinda majike, na kinyesi kilichopimwa hakitenganishi hofu na uchovu.