Utani Una Wajibu: Mazungumzo na Walimu wa Awali na Darasa la Kwanza

Wazee shikamooni, walimu wenzangu habari za asubuhi. Wazazi mliojibanza nyuma, sogeeni, viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumfanya mtoto ajione ni wa darasa lake, na ampokee mwenzake asiyefanana naye. Nitaanzia msibani, mnisamehe. Mmewahi kuona Mngoni kafiwa, Mhehe akajilaza kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe hela? Mgeni hushtuka, wenyeji wanacheka huku wanalia. Watu hawa walipigana vita vikali karne ya 19, leo ni watani. Wanyamwezi na Wazaramo nao utani wao unahusishwa na misafara ya kwenda pwani.

Lakini mtazameni vizuri huyo aliyelala kaburini. Mara nyingi jembe la kulichimba alilishika yeye. Amekuja kufanya kazi, ndipo akapata ruhusa ya kufanya vituko. Na utani ni wa zamu: leo wewe, kesho mimi.

Ndiyo maana simwelewi mwalimu anayesema, "Waacheni watoto, wanataniana tu." Mtoto kahamia Dar juzi kutoka Meatu, Kiswahili chake bado kina lafudhi ya Kisukuma. Anasimama kusoma, darasa zima linaangua kicheko. Yeye atamcheka nani? Hana zamu. Hiyo ni kejeli, na tuambizane ukweli, wakati mwingine aliyeanza kucheka ni mwalimu.

Wimbo wa "sisi sote ni ndugu" watauimba vizuri sana, kisha mapumziko wagawanyike vilevile. Wapeni wajibu kwanza. Zamu za kufagia na kumwagilia bustani msiwaachie wajipange wenyewe, maana watajipanga kwa mitaa yao. Changanyeni. Ndoo iwe ya kubebwa na wawili. Na yule wa Meatu, mwombeni awafundishe wenzake kuhesabu mpaka kumi kwa Kisukuma. Watakosea, naye atawacheka. Zamu yake imefika.

Mtoto mwenye ualbino anataka uangalifu zaidi, kwa sababu hapa tunaharibu kwa huruma. "Mhurumieni mwenzenu, ni mgonjwa." Si mgonjwa! Waambieni watoto kwa kifupi: ngozi na macho ya mwenzenu vina rangi kidogo, kwa hiyo jua linamuunguza haraka, na ubao ulio mbali hauoni vizuri. Basi. Wa miaka sita anaelewa, tena ataanza kumkumbusha kofia. Akae mbele, pasipopigwa na jua, maandishi yawe makubwa. Mstarini asubuhi asimame kivulini, na akivaa kofia na mikono mirefu asisumbuliwe habari za sare. Kisha, na hili ndilo tunalisahau, naye apewe kazi: agawe madaftari, aongoze mstari wa kwenda kunawa mikono. Mtoto wa kusaidiwa tu, Jumatatu mpaka Ijumaa, anabaki mgeni hata akimaliza shule ya msingi.

Wazazi, kwenu nina moja. Mnayoyasema sebuleni juu ya jirani wa kabila lingine, au wa dini nyingine, sisi tunayapokea darasani Jumatatu asubuhi, neno kwa neno, mpaka sauti zenu tunazitambua.

Naona mwalimu pale dirishani kanyoosha mkono tangu niliposema walimu wanacheka. Karibu, mwalimu, nijibu.